Bushi za ekseli ya nyuma: ukizikaza gari likiwa juu, umeziua

Mkuu, usitoe kwanza hela ya ekseli ya mtumba. Umesema Premio yako ya 240 inagonga nyuma kwenye rasta, shokapu mpya umeshaweka na mlio uko palepale, na ukihama leni kwenye 80 mkia unachelewa, kisha unafuata kwa kishindo. Hizo ni dalili za bushi za ekseli. Ekseli yenyewe ni chuma, haifi kirahisi labda igonge shimo kubwa ipinde. Kinachokufa ni vile vipande viwili vya mpira vinavyoishikilia kwenye bodi. Hiyo ya mtumba unayoambiwa ununue itakuja na bushi zake zilizozeeka vilevile, kwa hiyo utalipia kazi mara mbili.

Ninachoeleza hapa kinahusu Toyota ndogo zinazovuta kwa tairi za mbele: Corolla NZE121, Premio na Allion 240, IST, Vitz na ndugu zao. Nyuma zina boriti moja inayounganisha tairi zote mbili (ndiyo ekseli ninayoisema), na upande wa mbele wa boriti kuna matundu mawili, kushoto na kulia, kila moja na bushi yake. Kama yako ni 4WD (inavuta kwa tairi zote nne), nyuma ina amu kadhaa zenye bushi ndogondogo, hiyo ni kazi nyingine, ingawa kanuni ya kukaza ni hiihii.

Kabla ya kufungua chochote, toa jeki na tairi la spea kwenye buti, halafu endesha. Kuna watu wamebadilisha shokapu kwa sababu ya jeki iliyolegea. Kagua pia mpira wa juu wa shokapu na mipira inayobeba ekzosi. Kisha nyanyua gari, liweke kwenye stendi, ingia na tochi. Vijiufa vidogo juu ya mpira si tatizo. Unachotafuta ni mpira ulioachana na chuma, au bomba la kati (kile kichuma cha katikati ya bushi kinachopita bolti) lililohama upande mmoja, au sehemu inayong'aa kwa sababu chuma kinagusa chuma. Chomeka mtarimbo kati ya ekseli na bodi, sukuma mbele na nyuma. Bushi nzima inajivuta na kurudi bila sauti. Iliyokufa inakwenda na kugonga. Usidanganyike na nafasi mbili zenye umbo la mwezi mchanga ndani ya mpira: bushi nyingi za aina hii zinatoka nazo kiwandani ili ziwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine.

Dukani nenda na namba ya chesesi, usiende na jina la gari tu. Nunua mbili, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Bushi nzuri mpira wake umegandishwa kwenye ganda la nje na kwenye bomba la kati, ukiusukuma kwa kidole gumba pembeni hauachii. Ukiona uwazi kati ya mpira na chuma ikiwa bado mpya, rudisha. Zile za kuchongwa kwa mpira wa tairi ziache. Hazijagandishwa popote, zinazunguka ndani ya tundu na kulila, na baada ya muda hata bushi ya kampuni haikai tena kwa kubana. Za poliyurithani zinadumu, lakini zinapitisha kelele ya barabara na zikikosa grisi ya silikoni zinalia. Kwa gari la kwendea kazini mimi ningebaki na mpira.

Sasa kazi. Hatua ya kwanza wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa bushi: gari likiwa chini kwenye sehemu tambarare, buti tupu, upepo wa tairi sawasawa, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda juu yake. Andika namba ya kushoto na ya kulia. Usiku wa jana yake uwe umeshapuliza dawa ya kutu kwenye bolti mbili zinazofunga bushi kwenye bodi.

Weka kabari tairi za mbele na achia hendibreki, maana waya zake utazilegeza. Stendi zikae chini ya bodi, kwenye zile sehemu zilizoimarishwa za kunyanyulia, kamwe si chini ya ekseli, kwa sababu ekseli ndiyo inayoshuka. Toa tairi. Fungua vishikizo vya waya za hendibreki, waya za ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) kama zipo, na klipu za mipira ya breki. Huna haja ya kufungua mafuta ya breki, ila mpira wa breki usibebe uzito wa ekseli hata kidogo. Weka jeki chini ya ekseli, fungua bolti mbili za mbele, kisha shusha taratibu. Shokapu zikibaki zimefungwa, ekseli inainamia mbele kiasi cha kutosha kufikia bushi. Kwenye gari ambalo springi imesimama peke yake, mbali na shokapu, angalia isichomoke.

Bolti ikigoma, usiendelee kuivuta kwa bomba refu. Kutu huwa imeishika ndani ya bomba la kati, na kwenye baadhi ya magari nati imechomelewa ndani ya bodi. Ikikatika huko, kazi ya saa nne inakuwa ya siku mbili. Irudishe kidogo, puliza dawa, ivute kidogo, irudishe tena.

Kabla ya kutoa bushi ya zamani, chora alama kwa rangi kwenye ekseli: zile nafasi mbili za mwezi mchanga zimeelekea wapi, mdomo wa bushi uko upande gani, na ganda limetokeza milimita ngapi. Ukiiweka imezunguka robo tu, upande laini unakaa mahali pa upande mgumu na mkia unacheza vilevile kama mwanzo.

Fundi akileta gesi ya kuchomea mpira, mkatalie. Tangi la petroli liko jirani hapohapo. Njia salama ni kifaa cha kuvutia, na unaweza kukitengeneza mwenyewe: fimbo ya nyuzi ya chuma kigumu, nati mbili, washa nene, kipande cha bomba chenye upana wa ndani unaozidi bushi kidogo, na kisahani kidogo kinachopita ndani ya tundu. Paka nyuzi grisi, kaza nati, bushi inaingia ndani ya bomba. Ikikataa, toboa mpira kwa drili, toa bomba la kati, kisha pitisha msumeno wa chuma ndani na ukate ganda kwa urefu. Hapa nenda polepole. Ganda ni jembamba, na mara blade inapobadilisha sauti, simama: umefika kwenye ekseli. Mkwaruzo mdogo hauna neno, mfereji una neno. Ganda lililokatwa linakunjwa ndani kwa patasi na linatoka.

Safisha tundu kwa brashi ya waya mpaka ling'ae. Bushi mpya paka maji ya sabuni kwa nje, si grisi wala oili, kwa sababu oili inakula mpira na inaacha utelezi unaoifanya bushi itembee baadaye. Ivute kwa kusukuma ukingo wa ganda peke yake. Ukisukuma bomba la kati unaachanisha mpira na chuma kabla gari halijagusa barabara. Ikianza kuingia upande, itoe uanze upya, nyundo haiwezi kuinyoosha.

Nyanyua ekseli, ingiza bolti, funga kwa mkono tu. Sasa ndipo penye kosa ambalo naamini limeua bushi nyingi kuliko mashimo. Bomba la kati likishakazwa, linashikamana na bodi na halizunguki tena. Ekseli ikipanda na kushuka, kinachojipinda ni mpira. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, siku gari linashuka chini mpira tayari umejipinda, na unabaki umejipinda hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaongeza juu ya hapo. Baada ya miezi michache umechanika, na lawama anabeba muuza spea.

Kwa hiyo rudisha tairi, shusha gari, lipeleke kwenye shimo la gereji au lipandishe kwenye rampu tairi zote nne. Tikisa nyuma mara kadhaa, sukuma gari mbele na nyuma kama mita moja bila hendibreki, pima tena katikati ya rimu hadi fenda. Namba zikirudi kama ulivyoandika, kaza bolti kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Huna shimo? Nyanyua ekseli kwa jeki kila upande mpaka upate namba ileile, lakini angalia bodi isinyanyuke kwenye stendi.

Rudisha vishikizo vyote na rekebisha hendibreki. Baada ya kilometa 500 pitia bolti tena. Kwenye alaimenti, nyuma ya gari hili haina cha kurekebisha, kwa hiyo atakayekudai hela ya kupanga tairi za nyuma muulize amezungusha nati ipi. Kama tairi la nyuma bado linaliwa upande, nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya rimu ya mbele hadi ya nyuma, kushoto kisha kulia. Pande zikitofautiana sana, hapo ndipo uanze kufikiria ile ekseli ya mtumba.