Mpenzi wa Magari, Nenda Ukafundishwe Upya

Kwa miaka mingi fedha yangu ya ziada iliishia kwenye gari: rimu pana, shokapu ngumu, na bomba la moshi ambalo majirani walilifahamu kuliko walivyonifahamu mimi. Nilijihesabu dereva hodari kwa kuwa nilikuwa na gari hodari, nikaenda kwenye mafunzo ya juu ya udereva kwa nia ya kujionyesha zaidi kuliko kujifunza.

Zoezi la kwanza likaniumbua. Nilitakiwa kufikisha kilomita 80 kwa saa katika uwanja uliofungwa, kisha nikifika kwenye alama nikanyage breki kwa nguvu zangu zote. Nilikanyaga, pedali ikatetemeka chini ya mguu, nami kwa kushtuka nikalegeza, gari likapitiliza. Mkufunzi akanieleza kwamba mtetemo ule ni mfumo wa breki uitwao ABS ukifanya kazi yake ya kubana na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde, ili magurudumu yasijifunge na usukani uendelee kutii, na kwamba mguu hautakiwi kulegea hata kidogo. Nilikuwa nimelimiliki gari lile miaka minne bila kuijua breki yake. Mguu wangu ulikubali katika jaribio la tano.

Tuliporudia kwa kasi tofauti, nilikiona kwa macho kile nilichokuwa nikikisikia tu, yaani kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huwa mara nne.

Kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, gari lilipokataa kukata kona nilizidi kukunja usukani, kumbe tairi za mbele zilikuwa zimekwisha kuteleza na dawa ilikuwa kupunguza mafuta na kuurudisha usukani kidogo mpaka zishike tena. Kila tairi huigusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono, na eneo hilo hilo ndilo linalogawanywa kati ya kufunga breki na kukata kona.

Ukitafuta mafunzo, chagua yanayokuruhusu kutumia gari lako mwenyewe, maana tabia zake ndizo unazohitaji kuzijua. Yanayofundisha kuserereka kwa mbwembwe yaache kwanza. Kabla ya kwenda, kagua upepo wa tairi na unene wa pedi za breki, kwa sababu siku moja ya mazoezi huzila kweli kweli.

Rimu zangu bado zipo. Shokapu nimerudisha zile za kiwandani.