Dada wa Lanet, hiyo karatasi usiwasomee wakwe

Hapana. Usithubutu. Umesema kocha wako amekuagiza uorodheshe pande zako zote za siri, yaani wivu, uchoyo, na hizo hasira za miaka kwa mama mkwe, kisha Jumamosi uwaketishe wakwe sebuleni uwasomee "ili uwe huru". Huru kwenda wapi, dada? Maana kwa hao wakwe hutarudi.

Mimi huo uhuru niliununua. Semina ya wikendi hapa Kisumu, ukumbi wa hoteli, sambusa baridi na maji ya chupa, na bwana mmoja mwenye suti ya kubana aliyejiita daktari wa nafsi. Kivuli, yaani ule upande wako wa siri, ukikificha kinakutafuna, akasema, ukikianika mbele ya watu kinakufa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Yangu yalisikika hadi jikoni.

Kivuli changu ni wivu, na mwenye kuonewa wivu ni mdogo wangu wa kufuatana. Tulikuwa na mashine ya kusaga soko la Luanda, Vihiga. Yeye alitoa pesa nyingi, mimi nikachukua mkopo wa chama kununua mota, nikawa msimamizi na mwenye kushika daftari la hesabu. Mambo yalikwenda vizuri. Kila gorogoro iliandikwa, na daftari lile hata leo naweza kuliapia.

Basi Jumapili nyumbani kwa mama, kuku amechinjwa, ndugu na mashemeji wamejaa, nikasimama kama nilivyofunzwa. Nikasema kwamba tangu utotoni namwonea mdogo wangu wivu. Nikasema siku mota ilipoungua, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Nilingoja machozi na kukumbatiana. Mdogo wangu alilirudisha paja la kuku kwenye sahani, halijaumwa, akaomba maji ya kunawa. Mke wake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya upole kabisa: "Shemeji, na zile hesabu za Desemba?"

Hapo ndipo penye hasara yote, kwa hiyo pasome mara mbili. Sikuwa nimeiba hata shilingi. Lakini ukishamwambia mtu kwamba ulifurahia hasara yake, kila jambo mlilowahi kufanya pamoja analipitia upya kwa jicho hilo. Mkanda uliokatika, ulikatwa na nani? Mteja aliyehama, alifukuzwa na nani? Daftari lilichukuliwa jioni ile ile. Mwezi haujaisha, mashine ikapewa kijana mwingine wa kuisimamia, na mkopo wa mota nikabaki nao mimi. Na kile kivuli kilichoahidiwa kufa? Kilishuka nami stendi ya Luanda siku ya kuchukua vitu vyangu, kina afya kuliko mimi.

Bwana suti wakati huo alikuwa keshakula nauli yetu na kupanda basi la Nairobi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina alilolitumia kututisha, Carl Jung, yule mwanasaikolojia Mswisi aliyezaliwa 1875 na kufa 1961, mwenye hilo wazo la kivuli, halina hatia kabisa. Nilikuja kumsoma mwenyewe baadaye, kwa hasira. Mzee huyo mwishoni mwa 1925 alipita hapa hapa kwetu Kakamega akienda kukaa na watu wa miteremko ya Mlima Elgon, jambo ambalo daktari wetu wa nafsi hakulitaja hata mara moja. Kwa Jung, kivuli ni yale unayokataa kuyaona kwako, na dalili yake kubwa ni kuyachukia kupita kiasi ukiyaona kwa wenzako. Tena kina hata mazuri uliyoyafungia. Kukipokea ni kukiri moyoni kwamba hiki ni changu, nitatembea nacho nikikiangalia. Habari ya kumwagia watu juu ya kuku haimo.

Kwa hiyo shika moja tu: anayelengwa na kivuli chako asiwe wa kwanza kukisikia. Mpelekee kwanza mtu asiye na shamba, biashara wala ndoa ndani ya hiyo habari. Huko kizungushe mpaka ujue kilikuwa kinataka nini. Wivu wangu, nilipokuja kuuchimba, ulikuwa unataka kitu kidogo cha aibu: mimi ndiye mkubwa, na hakuna aliyeniuliza mashine iwekwe wapi. Basi! Ningemwambia mdogo wangu "ukipanga jambo, niite", angeniita. Sentensi moja, na unga ningekuwa nasaga hadi leo.

Nawe hasira zako kwa mama mkwe zinataka kitu. Labda ni funguo za jikoni yako mwenyewe. Hilo linaombwa, tena kwa heshima, bila orodha.

Uliuliza pia kuhusu kuandika shajara na kama kanisa litakuona umepotoka. Hayo wengine watakujibu, mimi nimeshapanda presha. Ila Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na wanatakiwa kusajiliwa. Kabla hujamtumia kocha ile nusu ya pili ya malipo yake, mwombe namba yake ya usajili. Wangu nilipomwomba, alinijibu kwa emoji ya mikono ya maombi, kisha akanifungia.