Mbavu za nguruwe za kuchoma: protini ipo, ila mafuta ni mengi zaidi

Unasema mbavu za nguruwe za kuchoma ni "protini tupu" na hazina sukari. Hapana, sio protini tupu. Gramu 100 za nyama ya mbavu iliyoiva, bila mfupa, zina kalori kama 350 mpaka 400, protini gramu 25 hivi mpaka 29, na mafuta yanakaribia gramu 30, theluthi yake ni yale yanayoganda yakipoa, na ukumbuke gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya protini ina 4, kwa hiyo nguvu nyingi unayopata hapo inatoka kwenye mafuta. Namba za aina hii zimo kwenye jedwali za vyakula za idara ya kilimo ya Marekani (USDA), mtu yeyote anaweza kuangalia.

Sukari kwenye nyama yenyewe hakuna, hapo uko sahihi. Shida ni sosi! Vijiko viwili vikubwa vya ile ya dukani mara nyingi vina sukari gramu 10 na kitu, na chumvi sio kidogo, halafu nani anaishia vijiko viwili.

Uzuri wake upo pia, nguruwe anaongoza nyama nyingi kwa vitamini B1, na kuna B12 na zinki. Ila kama unapima kwa mizani toa uzito wa mifupa kwanza, la sivyo hesabu yako yote itakuwa juu kuliko ulichokula kweli. Zikichomwa taratibu kwenye waya baadhi ya mafuta yanadondoka, sio yote lakini.