Koki ya sinki ikicheza, usikimbilie silikoni

Koki ya sinki letu la bafuni ilianza kucheza kidogo kidogo, kama jino la mtoto. Ukitaka maji, unaishika shingo kwa mkono wa kushoto ndipo unafungua kwa wa kulia. Mgeni asiyejua huo mtindo alizungusha koki nzima ikaangalia ukutani.

Tunakaa Nyamanoro, kule juu mlimani. Anayeijua milima ya Mwanza anajua kuwa ramani ya nyumba huchora mwenye nyumba, halafu mawe huisahihisha. Ukuta wa bafu letu umekwepa jiwe, sinki likabanwa kwenye kona. Mkono wangu unapita nyuma yake. Mkono ulioshika spana haupiti.

Fundi niliyemwita alichungulia chini, akaguna, kisha akapaka silikoni kuzunguka koki kwa juu. Akalipwa, akaondoka. Wiki mbili baadaye jino likaanza tena. Silikoni inazuia maji kupenya, basi. Kinachoishika koki ni nati iliyo chini ya sinki, inayoivuta ikae. Nati ikilegea, huku juu utapaka mpaka uchoke.

Jumamosi nikaamua kulala chini mwenyewe. Nilifunga valvu ya kutoka kwenye tenki, nikafungua koki mpaka maji yakakata, nikatandika kitenge, tochi ya simu nikaiegemeza kwenye ndoo. Vaa miwani, yoyote ile. Kutu la kwanza liliniingia jichoni kabla sijagusa chochote.

Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, haikufaa: meno yake yanashika, ila mpini hauna pa kuzungukia. Nikajaribu kwa vidole, nikipapasa kwa kupitisha mkono nyuma ya sinki. Robo saa nzima nikawa nalegeza nikidhani nakaza! Ukiitazama nati kutoka chini, kukaza ni kufuata mshale wa saa. Ukipapasa kwa juu bila kuiona, mkono unakudanganya.

Nati yenyewe ilikuwa ya plastiki, yenye masikio mawili. Hapo ndipo nilipokumbuka kipande cha bomba la PVC la inchi moja kilichobaki wakati wa ujenzi. Nilikikata kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, kisha mdomoni nikakichanja kwa msumeno wa chuma mikato miwili inayotazamana, kina kama sentimita mbili, masikio yaingie humo. Nikafungua mpira wa maji, ule unaoleta maji kwenye koki (weka beseni, yaliyobaki yatakumwagikia usoni), nikapandisha bomba kufuata shina la koki, masikio yakakaa kwenye mikato. Sasa nazungushia huku chini, kwenye nafasi tele.

Sikukaza moja kwa moja. Niliishusha nati kwanza nione raba. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama ganda la muhogo, nikanunua nyingine Kirumba. Wakati wa kukaza, binti yangu aliishika koki kwa juu itazame mbele, maana bila mtu wa kushika inageuka pamoja na nati. Ikiacha kucheza, ongeza robo mzunguko, uache. Sinki la kauri halina huruma na mtu mwenye nguvu.

Kama nati yako ni ya chuma, ujanja wa PVC hautasaidia. Tafuta spana ya boksi, ile ndefu kama bomba inayozungushwa kwa nondo ndogo, na nati iliyoshika kutu ipake mafuta uiache ilale hivyo hadi kesho. Mpira wa maji hauhitaji tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi, una raba yake ndani. Ukaze kwa mkono, umalizie kidogo kwa spana. Halafu fungua maji, tandika karatasi kavu chini, uikague asubuhi.

Kile kipande cha bomba nilikitundika nyuma ya mlango wa bafu. Jirani alikiazima wiki iliyopita, anasema bado hajamaliza.