Wasomaji Wauliza: Ndege ya Kujiundia na Hewa Nyepesi ya Nairobi

SWALI: Mhariri, mimi na mwenzangu tunakaribia kumaliza kuunganisha ndege ndogo ya viti viwili, yenye injini ya nguvu za farasi 100. Kijitabu chake kinasema inahitaji mita 150 tu za njia kabla ya kuacha ardhi, lakini rubani mmoja wa Uwanja wa Ndege wa Wilson, hapa Nairobi, ametuonya tusizitegemee mita hizo. Je, ni kweli? Na je, tunaweza kuruka sote wawili mara ya kwanza?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu msomaji, rubani huyo amewaambia kweli, nami nawaomba mmsikilize. Vipimo vya vijitabu hivi kwa kawaida hutolewa kwa hali ya usawa wa bahari na nyuzijoto 15, ilhali Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Joto nalo huitanua hewa na kuipunguzia uzito, hivi kwamba alasiri ya Februari yenye nyuzijoto 27 ndege hufanya kazi kana kwamba iko kwenye mwinuko wa mita 2,500. Alfajiri, kwenye nyuzijoto 13, hali huwa kama ya mita 2,000 hivi.

Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo alasiri hiyo farasi wenu 100 watabaki kama 75. Mabawa nayo, kwa kuwa hewa ni nyepesi, hayawezi kuibeba ndege mpaka ikimbie zaidi: kipima kasi, ambacho husoma msukumo wa hewa, kitakapoonyesha kilomita 80 kwa saa, magurudumu yatakuwa yakienda karibu 90. Ardhi itaonekana ikipita kwa kasi isiyo ya kawaida, na hapo ndipo rubani mgeni hushawishika kuvuta usukani mapema, jambo la hatari kubwa. Afuate kipima kasi, asiyafuate macho yake. Mita 150 zikigeuka 250 au zaidi, msishangae.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni kupanda, si urefu wa njia. Ndege hupanda kwa nguvu inayobaki baada ya ile ya kuiweka angani, na huku juu nguvu inayohitajika huongezeka wakati ile iliyopo inapungua, kwa hiyo salio huliwa pande zote mbili. Ndege inayopanda vizuri Malindi inaweza kujikokota hapa, na Vilima vya Ngong, vinavyofika mita 2,460, haviko mbali.

Kagueni pia kabureta. Ikiwa haijirekebishi yenyewe, mchanganyiko uliowekwa kwa pwani utakuwa na petroli nyingi mno kwa Nairobi. Injini itatetemeka, na mkifungua plagi mtazikuta zimejaa masizi meusi. Punguzeni mafuta kama kijitabu cha injini kinavyoelekeza, na mkishuka pwani myarudishe, kwani mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo mno, huko huweza kuunguza injini. Tabo husaidia injini tu. Rafadha (panga linaloivuta ndege) na mabawa bado hukutana na hewa ileile nyepesi.

Kuhusu kuruka wawili, jibu langu ni hapana. Baada ya kupata vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, rubani mwenye uzoefu aruke peke yake, asubuhi na mapema, akiwa na mafuta ya kutosha lakini tangi lisijazwe pomoni, naye aandike kasi halisi ya kupanda. Takwimu hizo za Nairobi ndizo zitakazoamua kama kiti cha pili kitakaliwa, na saa ngapi za siku.