Rimu za 16 kwenye gari lililokuja na 15: matundu kulingana hakutoshi

Mkuu, usikubali hilo tairi la 205/65R16 kwa sababu tu ndilo muuzaji analo. Umesema gari lilikuja na 195/65R15 na rimu ulizopata ni za inchi 16, basi piga hesabu kwanza. 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu wako ni kama milimita 127. Hesabu wa juu na wa chini, ongeza rimu (inchi 15 ni milimita 381), unapata kipenyo cha tairi zima, karibu 634. Hiyo 205/65R16 inatoka 673. Tairi limepanda kwa asilimia 6: spidomita ikisoma 100 wewe uko 106 hivi, na ukikata usukani hadi mwisho huenda likasugua fenda. 205/55R16 inatoka 632. Hilo ndilo lako.

Kuhusu rimu zenyewe, fundi ataona matundu matano yameingia atakwambia zimekubali. Mimi nililiwa hapo. Nilinunua rimu za mkononi, 5x114.3 (matundu matano kwenye duara la milimita 114.3) kama za gari langu, nati zikaingia vizuri kabisa. Nikifika spidi ya 90 usukani unatetemeka. Nikafanya balansi mara tatu. Nikalaumu matairi, nikabadilisha hadi tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu), bado. Mwisho mzee mmoja akafungua gurudumu, akapima habu, kile kitovu cha gari ambacho rimu inakaa juu yake: milimita 60.1. Akapima tundu la katikati la rimu: 73.1. Rimu nyingi za dukani hutobolewa tundu kubwa ili ziuzike kwa magari mengi, halafu pengo hilo hujazwa kwa pete. Zangu hazikuwa nazo, kwa hiyo gurudumu lilikuwa linashikwa na nati tu, haliketi katikati. Pete nne, nje 73.1, ndani 60.1, mtetemo ukaisha siku ileile. Tairodi za zamani bado ninazo stoo, nzima.

Ofseti nayo usiipuuze. Ni ile namba inayoanza na ET: milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaogusa habu. Tuseme rimu zako za sasa ni 6J ET45 (6J ni upana wa inchi 6) na hizo mpya ni 7J ET35: ukingo wa nje unatoka karibu milimita 23 zaidi, wa ndani unasogea kama 3 tu kuelekea shokabu. Kwa gari lenye nafasi ndogo kwenye fenda, 23 ni nyingi.

Nati: angalia umbo la kiti chake. Kuna za koni na kuna za mviringo kama mpira, na ukichanganya zitakaza lakini hazishiki. Kaza kwa msalaba, gari likiwa limegusa chini, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni.

Kwenye tairi, namba ya uzito ambao tairi linaweza kubeba isishuke chini ya ile ya tairi lililokuja na gari (91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja), na tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi; zinaonyesha lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anaapa ni jipya.

Geuza rimu moja, soma namba zilizochorwa nyuma, pima na tundu la katikati, uzilete hapa kabla hujalipa.