Utando wa tumbo na karatasi ya siti skani: yaliyonifika mimi

Assalaam alaykum, dada yangu. Umeeleza kwamba mama yenu amepigwa siti skani, majibu yakasema utando wa ndani wa tumbo umenenepa, una mcharuko na kuna maji kidogo, na tangu siku hiyo nyumba imegawika baina ya wanaosema ni saratani na wanaosema ni mchango, apelekwe kwa mganga. Mimi si daktari, ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, lakini karatasi ya namna hiyo niliwahi kupewa ikiwa na jina langu juu yake, kwa hiyo nitakusimulia niliyoyapitia na niliyofahamishwa njiani.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu ndilo lililotuvuruga sisi. Aliyetufasiria majibu alisema "kuna uvimbe kwenye utando", na katika Kiswahili chetu uvimbe ni jipu, ni kidole kilichobanwa na mlango, na ni saratani pia, hivyo kila mmoja akachukua maana aliyokuwa akiiogopa. Kilichoandikwa ni mcharuko, yaani utando umewashwa na kitu, ukanenepa na kuanza kutoa maji. Utando huo ni ngozi nyembamba inayotanda ukuta wa tumbo kwa ndani, kisha ikageuka kuyavika matumbo na ini. Ukimtazama mchinjaji akipasua mbuzi, ile shuka ya mafuta yenye matundu kama wavu anayoivuta mbele ya utumbo ni sehemu yake. Kwenye picha yangu shuka hiyo ilikuwa imeshikamana na kunenepa kama mkate wa kumimina.

Nilikuwa na miaka 43. Mikono na mashavu yalikuwa yakikonda huku tumbo likikua, hata wanawake wawili hapa mtaani wakanipa hongera ya mimba, nami nikacheka nao kwa kuona haya. Homa ilikuwa ikija baada ya magharibi, na usiku mto ulikuwa ukiroa kwa jasho. Nilikunywa dawa za mchango kwa miezi mitatu, na hilo ndilo ninalojilaumu nalo zaidi kuliko yote. Altrasaundi ilipoonyesha maji nilivuka kwenda Unguja kwa siti skani, na pamoja nayo nikapimwa damu kipimo kiitwacho CA-125, kinachotumika kutafuta dalili za saratani ya ovari, ambacho kwa kawaida huwa chini ya 35, changu kikapita 400. Daktari aliyenipokea, bila ya kuinua uso kutoka kwenye karatasi, aliniambia nijitayarishe kwa operesheni ya saratani ya ovari. Nilirudi kwa boti mpaka Mkoani bila ya kusema neno na mtu.

Baadaye ndipo nilipofahamishwa kuwa kipimo hicho hupanda utando unapowashwa na chochote: kifua kikuu hukipandisha, maji yanayotokana na ini bovu hukipandisha, hata mimba hukipandisha. Saratani ya ovari na kifua kikuu cha tumbo hufanana mno kwenye picha, maji yale yale na unene ule ule, na picha peke yake haiwezi kuapa ni kipi kati ya viwili hivyo.

Daktari wa pili alianza na suali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: nyumbani kwenu nani alikuwa akikohoa? Nikamtaja ami yangu marehemu, niliyemuuguza miaka miwili kabla, akiwa anatumia dawa za kifua kikuu. Hapo hapo aliagiza maji yavutwe. Nililazwa chali, nikachomwa ganzi upande wa kushoto chini ya kitovu, na maji yakaanza kushuka kwenye mpira, mepesi, rangi ya chai ya mchaichai.

Maji hayo ndiyo yaliyosema mengi kuliko picha. Hulinganishwa albumini, aina ya protini, iliyomo ndani yake na ile ya damu iliyotolewa siku hiyo hiyo: tofauti ikiwa gramu 1.1 kwa desilita au zaidi, mara nyingi chanzo ni presha ya mishipa ya ini au moyo uliochoka. Ikiwa chini ya hapo, macho huelekezwa kwenye utando wenyewe, yaani kifua kikuu au saratani. Yangu ilikuwa chini. Chembe za saratani hazikuonekana, na chembe nyeupe nyingi zilikuwa limfosaiti, jambo linaloegemea kifua kikuu. Lakini kipimo cha jini ekspati, kinachotafuta vijidudu vya kifua kikuu, kilitoka hakina kitu, na nusura tuache njia hiyo. Sababu yake ni kwamba vijidudu ndani ya maji ya tumbo huwa vichache sana, kwa hiyo kukosekana kwao hakumaanishi kuwa havipo. Ilibidi nivuke tena, mara hii Dar es Salaam, nikatiwa kamera kupitia tundu dogo kitovuni. Utando ulikuwa umetapakaa vipunje vyeupe mfano wa ufuta, na kinyama kilichokatwa hapo ndicho kilichothibitisha kifua kikuu.

Dawa nilizitumia miezi sita, dawa nne kwa pamoja katika miezi miwili ya mwanzo kisha mbili, bila ya malipo. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa na ulinitisha siku ya kwanza, ingawa ni rangi ya dawa tu. Sikuwa namwambukiza mtu, kwa kuwa mapafu yalikuwa salama. Ramadhani ya mwaka ule sikufunga, nililipa baadaye.

Sikwambii kwamba mama yenu ana ugonjwa wangu. Inaweza kuwa saratani kweli, na kuogopa kuitafuta hakuiondoi. Shemeji yangu naye picha ilimwonyesha mcharuko kwenye mafuta yanayoshikilia utumbo, bila ya maji, wakati alipokuwa akitafutiwa mawe ya figo. Aliambiwa mara nyingi hali hiyo haina madhara, akafuatiliwa tu. Lakini tumbo la mama yenu likikaza kama ubao, akatapika, na kila kuguswa ni maumivu makali, huo ni mcharuko wa aina nyengine, wa kidole tumbo kilichopasuka au utumbo uliotoboka, naye atahitaji kufikishwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mkirudi kwa daktari chukueni diski ya picha pamoja na karatasi, mtajeni kila aliyewahi kuugua kifua kikuu nyumbani, na muulize kama maji yatavutwa na damu ya albumini itatolewa siku hiyo hiyo. Mkiambiwa kuwa maji ni kidogo mno, ulizeni kama yanaweza kuvutwa kwa kuongozwa na altrasaundi. Kwangu mara ya pili ndivyo yalivyopatikana.